Baiskeli za Kabongo: Mifupa ya Kale, Viungo Vipya

Msafiri atokaye Kamina kwenda kaskazini, akiifuata reli iliyounganishwa na Kabalo mwaka 1956, hupita Kabongo, katika nchi ya Waluba. Treni haipiti kila siku. Kwa hiyo mahindi, mihogo na mafuta ya mawese husafiri kwa baiskeli, ambayo watu wa Katanga huiita kinga. Mwenyewe huisukuma kwa miguu, gunia juu ya gunia.

Tukizitazama kwa karibu, twaona fremu za chuma za umbo la kale, zimefungwa vyombo vipya. Je, yafaa kuunganisha hivyo? Yafaa, wasomaji wapenzi, mradi fundi apime kwanza.

Cheni haina matata makubwa. Kwa zaidi ya miaka mia, umbali wa pini na pini umebaki milimita 12.7. Cheni ya leo yaweza kulivuta gurudumu la babu, ikiwa upana wake walingana na meno.

Breki ni shauri jingine. Baiskeli ya kale husimama kwa fimbo za chuma zivutazo vipande vya mpira, vikaikaza rimu kwa upande wa ndani. Rimu ya chuma ikilowa mvua, mpira huteleza. Ya alumini hushika vema zaidi. Lakini breki za waya hubana mbavuni, na rimu ya kale ina mbavu za mviringo, haishikiki. Basi abadilishaye breki hana budi kubadilisha na rimu. Tena rimu nyingi mpya zina kipenyo cha milimita 622, badala ya 635 ya zamani. Yapasa vipande vya mpira vishushwe milimita 6.5, visije vikala tairi. Tairi likipasuka mteremkoni, mzigo wote humwangukia msukumaji.

Gia nyingi nazo zadai nafasi. Gurudumu la nyuma la siku hizi huhitaji milimita 130 au 135. Baiskeli za mbio za miaka ya 1960 zilikuwa na 120. Fundi hodari huweza kuitanua fremu ya chuma polepole. Ya alumini asiiguse, itapasuka.

Enyi vijana, wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Fremu njema ya chuma itunzeni. Fedha ikiwa haba, itangulie kwenye breki, gia zingoje. Na kabla ya kwenda sokoni, chukueni rula.