Kasese na Bwera: Bei ya Kusimama

Msafiri atokaye Fort Portal kuelekea kusini, akiisha kuipita Hima na kiwanda chake cha saruji, huukuta mji wa Kasese umetandaa katika uwanda wenye joto kali. Kuumeni kwake ni milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, hufunikwa na mawingu siku nyingi. Kushotoni ardhi hushuka taratibu kuelekea Ziwa George. Huu ni mji uliozaliwa na shaba na reli. Mwaka 1956 reli itokayo Kampala ilifika hapa ili kuichukua shaba ya Kilembe, na kwa muda wa miaka ishirini hivi maisha ya mji yaliandamana na treni. Machimbo yalidhoofika katika miaka ya 1970, yakafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Treni za abiria nazo zikakoma katika miaka ya 1990.

Mzigo uliokuwa wa reli ukawa wa barabara. Saruji, pamba, kahawa, samaki, chumvi ya Katwe, abiria na maiti, vyote husafiri kwa tairi. Kwa sababu hiyo ukingo wa barabara, ambao zamani ulikuwa mahali pa kuotea majani na kufungia mbuzi, umekuwa ardhi yenye thamani kuliko nyingine yoyote mjini. Jambo la kushangaza ni kwamba ardhi hiyo ndiyo isiyo na hati, isiyo na mpangaji, na ambayo kila mtu huamini ni yake pindi anapozima injini.

GARI JEUPE MBELE YA DUKA

Katika safari zangu za kikazi nimezoea kutembea mjini kwa miguu nikiisha kumaliza shughuli za ofisi. Saa nne ya asubuhi jua huwa limekwisha kuwa kali, na kila dereva hutafuta kivuli. Chini ya mti mmoja utaona gari dogo, pikipiki sita za bodaboda, toroli la ndizi na mama aliyetandaza nyanya juu ya gunia. Wote wana haja na kivuli kile kile.

Mama mmoja mwenye duka la vitenge aliniita, maana huko wengi bado huniita Mwalimu ingawa niliiacha chaki zamani. "Mwalimu," alisema, "litazame gari jeupe lile. Limefika kabla sijafungua mlango, na litaondoka nikiisha kufunga. Wateja wangu washukie wapi?" Nilipomwuliza mwenye gari ni nani, alicheka. "Ni jirani yangu wa duka la pili. Naye hulalamika kwamba biashara imekufa."

Katika kicheko hicho mna somo zima la maegesho ya magari. Tufanye hesabu ndogo, kama tunavyowafundisha watoto. Tuseme duka hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, yaani saa kumi kamili. Nafasi moja ya gari ikikaliwa na gari moja mchana kutwa, imemhudumia mtu mmoja. Lakini ikiwa kila gari litakaa nusu saa tu, nafasi hiyo hiyo itawahudumia watu ishirini. Hakuna tofali lililoongezwa wala mti uliokatwa, ila mji umejipatia nafasi kumi na tisa zaidi.

Fikra hii si ngeni duniani. Mashine ya kwanza ya kutoza ada ya kuegesha gari iliwekwa katika mji wa Oklahoma City, Marekani, mwezi wa Julai 1935, na ada yake ilikuwa senti tano kwa saa. Shida yao ilikuwa kama ya yule mama wa vitenge: wafanyakazi wa mjini waliziziba nafasi zote tangu asubuhi, na wanunuzi wakakosa pa kusimama. Miaka sabini baadaye, mwaka 2005, Profesa Donald Shoup wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha kitabu kikubwa akionyesha kwamba maegesho ya bure si ya bure hata kidogo. Gharama yake hulipwa na watu wote, hata wasio na gari, kwa kupanda kwa bei za vitu na kwa msongamano. Alishauri ada iwekwe kwa kiwango kitakachoacha nafasi moja au mbili wazi katika kila mtaa, na fedha zitumike katika mtaa ule ule zilikopatikana. Mji wa Pasadena ulifanya hivyo tangu mwaka 1993. Wenye maduka waliokuwa wakipinga walikubali walipoahidiwa kwamba fedha zitarudi kwao kwa njia ya taa, miti na njia safi za waendao kwa miguu.

FEDHA ZA NANI?

Hapa ndipo penye mzizi wa maneno. Nchini Uganda, Katiba ya mwaka 1995 inakataza kodi yoyote kutozwa bila idhini ya sheria ya Bunge, lakini inaziruhusu serikali za mitaa kutoza ada na kodi kwa kufuata sheria hizo. Kwa miaka mingi nguzo ya mapato ya halmashauri ilikuwa kodi ya kichwa. Ilipoondolewa mwaka 2005 wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini taka ziliendelea kuhitaji kuzolewa, na mifereji ikaendelea kuziba. Halmashauri zikageukia masoko, paki za teksi na kingo za barabara. Kasese ilipopata hadhi ya manispaa mwaka 2010, ilirithi shida hiyo pamoja na heshima ya jina.

Njia iliyozoeleka katika miji mingi ilikuwa kumpa mzabuni kazi ya kutoza. Mzabuni huahidi halmashauri kiasi fulani, na kinachozidi ni chake. Njia hii ina wepesi wake, maana halmashauri hupata fedha bila jasho. Ubaya wake ni kwamba mzabuni hana haja ya kuona nafasi ikiwa wazi; haja yake ni kukata tiketi nyingi. Katika mji mmoja, ambao sitautaja jina, nililipa ada nikapewa kipande cha karatasi kisicho na tarehe wala mhuri. Nilipoomba stakabadhi halali, kijana yule alinipunguzia bei badala ya kunipa stakabadhi. Punguzo lile linaonyesha shilingi ilikokuwa inakwenda.

Miji mikubwa imepita katika njia hiyo kabla yetu. Mjini Kampala, chama cha wenye teksi, UTODA, kilisimamia paki kwa miaka mingi. Mamlaka ya jiji, KCCA, ilipoundwa mwaka 2011 ilichukua kazi hiyo, ikaweka ada ya shilingi 120,000 kwa mwezi kwa kila teksi. Baadaye Serikali iliamua iwe shilingi 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa mwezi. Nairobi, mwaka 2013, ada ya siku nzima katikati ya jiji ilipandishwa kutoka shilingi 140 za Kenya hadi 300, ikazua malalamiko makubwa. Tena ada ya siku nzima ina kasoro yake: aliyelipia siku huona ni haki yake kukaa siku nzima, na mwenye haja ya dakika kumi hulipa sawa naye. Tanzania Bara, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, uliweka utaratibu wa kuandika namba ya gari katika mashine, na mwenye gari kulipa kwa simu au benki kwa namba maalumu ya malipo. Mtozaji hashiki fedha. Halmashauri nyingi za Uganda nazo zimeanza kufuata mtindo huo wa kulipa kwa simu, na hiyo ni hatua njema.

Mke wa askari asomaye ukurasa huu asidhani habari hizi ni za wenye magari peke yao. Tuseme teksi ya abiria 14 imetozwa shilingi 5,000 zaidi kwa safari. Dereva hatazitoa mfukoni mwake, atazigawa. Kila abiria ataongezewa zaidi ya shilingi 350, na mwenye vitunguu garini ataziongeza katika bei ya vitunguu. Ada ya maegesho huishia katika chungu.

KUELEKEA MPAKANI

Kutoka Kasese barabara hushuka hadi Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, kisha tawi moja hukata kulia kuelekea Bwera na Mpondwe, mwendo wa kilomita zipatazo 38. Upande mmoja ni vilima vya Rwenzori vilivyolimwa hadi juu. Upande wa pili ni mbuga ya Queen Elizabeth. Ukikaribia Bwera utausikia mpaka kabla ya kuuona, kwa honi na ngurumo za injini. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchi ya Kongo. Watu wa kando zote mbili ni ndugu. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule husalimiana bila mkalimani, na Kiswahili hujaza panapobaki.

Mwezi wa Juni 2021 marais wa Uganda na Kongo walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za Kongo, mojawapo ikiwa ya Kasindi hadi Beni yenye kilomita 80. Mwaka 2022 Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Biashara inapokua, malori huongezeka, na lori lisilokwisha shughuli za forodha halina budi kusimama mahali. Likikosa uwanja, husimama barabarani. Dereva mmoja aliyekuwa akipika ugali chini ya tela lake aliniambia, "Mimi silipwi kwa kulala hapa, mzee. Nionyesheni uwanja wenye choo, maji na mlinzi, nitalipa kwa furaha." Maneno hayo yafaa kukumbukwa na kila diwani. Dereva yule hakuichukia ada. Alichokichukia ni kutozwa pasipo huduma.

Kwa mpaka huu, jambo hili huzidi biashara. Mwezi wa Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipovuka kutoka Kongo, wagonjwa walipelekwa hospitali ya Bwera, na wavukao kwa miguu walitakiwa kunawa mikono na kupimwa joto mmoja mmoja. Kazi hiyo yataka nafasi na foleni yenye utaratibu. Aidha, Mpondwe ilishambuliwa na waasi wa ADF mwezi wa Novemba 1996. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi hao waliwaua watu zaidi ya 40 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha na jirani yake, wengi wao wakiwa wanafunzi. Wasomaji wa gazeti hili wanajua dakika tano zina uzito gani kwa gari la wagonjwa au gari la askari. Barabara iliyozibwa na lori lililolala ni mlango uliofungwa kwa nje.

LA KUFANYA

Yafaa tufuate mambo machache yaliyo wazi. Kwanza, ada ihesabiwe kwa muda, na dakika za mwanzo ziwe za bure kwa mtu anayeshusha mgonjwa, mzee au mzigo. Pili, malipo yapitie simu au benki, na stakabadhi iwe na tarehe na namba ya gari. Tatu, kila mwezi kibandikwe kibao mtaani kinachoeleza kilichokusanywa na kilichofanyiwa kazi: taa ngapi, mfereji upi, choo kipi. Nne, malori ya mpakani yapewe uwanja wenye huduma kabla ya kutozwa faini. Tano, toroli na gunia la nyanya vitengewe mahali pao, maana kumfukuza mama kivulini ili gari lipumzike ni maendeleo ya kinyume.

Tena liko la sita, nalo latuhusu sisi tulao mshahara wa Serikali. Gari la kazi lililo kazini lipite bila kizuizi, hakuna abishaye. Lakini gari letu la nyumbani, tunapokwenda sokoni na watoto, ni gari kama la mwalimu au la muuza samaki. Sare si stakabadhi. Askari akilipa mbele ya watu na kuomba risiti yake, mtoza ushuru mdanganyifu atamwogopa hata raia atakayefuata.

Yule mama wa vitenge hakuomba mengi. Ataka nafasi moja mbele ya mlango wake ibadilishane watu, na ajue shilingi inayolipwa pale imekwenda wapi. Jambo hilo liko ndani ya uwezo wa mji wa Kasese, na liko ndani ya uwezo wa Bwera. Jirani wa gari jeupe aanze leo kuliegesha nyuma ya duka lake, asingoje sheria.