Kigoma: Kahawa ya Mlimani kwa Joto la Ziwani

Msafiri ashukaye katika stesheni ya Kigoma mchana wa mwezi wa Septemba, mvua zikiwa bado hazijaanza, hulakiwa na mambo mawili: ziwa na joto. Ziwa liko pale pale chini, limetanda kuelekea milima ya Kongo. Joto liko kila mahali. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na tangu hapo wageni wengi wamepanda barabara ile yenye miembe huku wakipangusa jasho na kuulizia cha kunywa. Watapata soda, maji ya chupa na sharubati ya unga. Kahawa ya baridi si rahisi kuipata, labda kwa kusisitiza.

Mwandishi wa makala haya alisisitiza. Katika hoteli moja, ambayo hakuna haja ya kuitaja, aliletewa glasi ya maziwa yenye vipande viwili vya barafu na kijiko cha unga wa kahawa wa kopo uliotengenezwa ng'ambo. Unga haukuyeyuka, ulielea juu kama vumbi la makaa. Kwa bei ile mtu angeweza kununua buni za kutosha chupa kadhaa, na buni zenyewe hulimwa mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka meza ile.

Ndugu msomaji, yafaa ujue jinsi nchi ilivyolala hapa. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka mjini ukapita njia panda ya Mwandiga, kisha ukaanza kupanda kwa barabara iendayo Manyovu kwenye mpaka wa Burundi, hewa hubadilika kabla hujamaliza mazungumzo na jirani yako wa kiti. Migomba huanza, na pamoja na migomba huonekana mibuni. Hapa ndipo Kalinzi na Matyazo, vijiji vya wakulima wa kahawa aina ya Arabika. Kahawa hiyo si ya kudharauliwa. Katika miaka ya 2000 kahawa ya vijiji jirani na hifadhi ya Gombe iliuzwa Marekani na kampuni ya Green Mountain Coffee Roasters, kwa kushirikiana na Taasisi ya Jane Goodall. Mnywaji wa Vermont aliisifia kahawa ya Kigoma wakati mfanyakazi wa bandari ya Kigoma alikuwa akikoroga chai.

Kwamba sehemu kubwa ya kahawa ya nchi hii huuzwa nje si siri, na fedha za kigeni zinazopatikana zina kazi yake. Hata hivyo, mkulima asiyejua ladha ya zao lake humtegemea mnunuzi amwambie kama ni zuri au baya, na kila mtu anajua mnunuzi hupendelea kusema lipi.

Kutoka Kigoma hadi Ujiji ni kilometa zisizofika kumi, na huko kahawa ina historia nyingine. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wakiwa wenyeji tayari. Misafara ya kutoka Bagamoyo haikuleta shanga na nguo peke yake. Ilileta na mazoea ya pwani, na mpaka leo mtu wa Kilwa au Tanga akikaa barazani Ujiji hajioni mgeni. Bao linachezwa, dele la shaba limekaa juu ya makaa, kahawa chungu inamiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mikono, na kashata pembeni. Lakini hiyo ni kahawa ya wanaume, ya jioni, na ya moto. Ndani ya nyumba hutawala chai.

Ilikuwa katika nyumba moja ya Ujiji, ya mama anayepika maandazi kwa riziki yake, ndipo tulipoonyeshwa kahawa hiyo hiyo ya barazani ikiingia jikoni na kugeuka kinywaji cha baridi cha familia. Kazi si ngumu, ila inataka subira.

Buni hukaangwa katika kikaango kikavu juu ya moto wa wastani, zikigeuzwa bila kupumzika, mpaka zialike na kuwa na rangi ya kahawia iliyoiva. Zisiachwe kuwa nyeusi tititi. Wengi huzichoma mpaka ziwe makaa wakidhani ndio ukali, kumbe ndio uchungu. Zikishapoa hutwangwa katika kinu, na hapa pana siri yake: kwa kahawa ya baridi usitwange ikawa vumbi. Acha chembe ziwe kama chenga za mchele, la sivyo utachuja mpaka usiku wa manane.

Njia ya kwanza ni ya kuloweka. Chukua kikombe kimoja cha kahawa hiyo na vikombe vinne vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Changanya katika chombo safi, funika, weka kwenye jokofu au mahali pa baridi tangu magharibi hadi asubuhi, yaani saa kumi na mbili hivi. Kisha chuja kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kuchemshwa. Utapata kahawa nzito, laini, isiyo na ule ukali unaokwaruza koo, kwa sababu maji baridi hayatoi uchungu wote ambao maji ya moto hutoa. Wakati wa kunywa huzimuliwa kwa maji au maziwa.

Njia ya pili ni ya mtu mwenye haraka. Pika kahawa kwa moto kama ya barazani, lakini utie kahawa mara mbili ya kipimo cha kawaida. Sababu ni nyepesi: barafu ni maji, na itakapoyeyuka itaizimua. Wengine, na huu ni ujanja wa kusifiwa, hugandisha kahawa yenyewe katika trei ya barafu. Vipande hivyo vikiyeyuka ndani ya glasi haviharibu kitu.

Sukari haipendi baridi. Ukiitia katika glasi yenye barafu itakaa chini kama mchanga, na anayemaliza glasi ndiye atakayekula sukari yote. Kwa hiyo mwenyeji wetu hupika shira: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, ikichemka hutia iliki tano au sita zilizopondwa, kijiti cha mdalasini na vipande vya tangawizi, tena si haba, kwa kuwa tangawizi hulimwa katika milima ya Buhigwe huko huko mkoani. Shira ikipoa huchujwa na kutiwa katika chupa. Tangawizi ichemshwe, tafadhali. Maji ya tangawizi mbichi hugandisha maziwa, na wengi wamelaumu ng'ombe bure.

Kwa nyumba isiyo na jokofu, usidhani ziwa litakusaidia. Vijana husema funga chupa kwa kamba uitose majini. Ziwa hili ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, lina mita 1,470, lakini ni ziwa la nchi ya joto: hata chini kabisa maji yake yana nyuzi 23 hivi. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini penye upepo utakufaa zaidi. Maji yanayopenya katika udongo wake yakikauka huondoka na joto. Hautakupa barafu, lakini utakupa ubaridi wa kuridhisha.

Sasa tufike penye jambo ambalo halina mzaha. Barafu haiui vijidudu; huvilaza tu. Kigoma inalijua hilo. Mwezi wa Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilicho ufukoni karibu na mpaka, na kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowasafirisha kuja Kigoma. Waliokufa hawakuuawa na risasi bali na maji. Basi mama wa nyumba asikubali barafu ambayo hajui maji yake yametoka wapi. Achemshe maji mpaka yatokote sawasawa, ayapoze yakiwa yamefunikwa, ndipo ayagandishe. Ile barafu ya kupozea migebuka kwenye mialo kama Kibirizi ni ya samaki. Tumeona watu wakiivunja kwa jiwe na kuitia katika vikombe vya sharubati. Hilo likomeshwe. Na kahawa iliyolowekwa isikae zaidi ya siku mbili hata katika jokofu. Yenye maziwa inywewe siku hiyo hiyo.

Watoto wadogo wapewe maziwa ya baridi yenye shira ya iliki, bila kahawa. Hawatanung'unika. Wajawazito nao wanywe kwa kiasi, na ni vyema kahawa isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo humo.

Jioni ile mwenyeji wetu alijaza glasi sita: barafu ya kahawa chini, kahawa ya kulowekwa nusu glasi, vijiko viwili vya shira, na maziwa yaliyochemshwa na kupozwa yakimiminwa polepole juu mpaka yakachora michirizi meupe. Alituma mbili kwa wazee waliokuwa barazani kwenye bao. Mmoja alikunywa yote, akaomba nyingine. Wa pili alionja, akaitazama glasi kwa muda, akairudisha kwa heshima, kisha akanyoosha mkono kumwita muuza kahawa amletee kikombe chake cha moto.