Filamu Zilizohama

Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja zama za sinema hakuwa na shaka filamu inakaa wapi. Ilikaa Majestic, au Empire, au Cine Afrique. Tangazo likabandikwa, tiketi ikakatwa dirishani, basi. Ilipokuja televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haina hata ile isiyo na rangi, watu walijazana kwa jirani mwenye seti, na stesheni ilikuwa moja tu. Uhaba ule ulikuwa na udhia wake. Lakini asubuhi yake kila baraza ilikuwa na mazungumzo ya namna moja.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mji huo, ambaye sasa anaishi kwa binti yake Virginia, Marekani, hana uhaba. Nyumba ile hulipia huduma nne za filamu za intaneti kila mwezi, na filamu aitakayo yeye aghlabu huwa katika ya tano.

"Babu, imehama," mjukuu wake humwambia.

"Imehama vipi, na jana tumeiwacha katikati?"

"Mwezi umekwisha, babu. Sasa iko kwengine, na huko hatujalipia."

Mtoto hasemi uongo. Netflix ilipoanza kuonesha filamu kwa intaneti mwaka 2007, wenye mali waliikodisha kazi zao wakiona ni pato la ziada. Walipotanabahi kuwa mpangaji ametajirika, kila mmoja akajifungulia duka lake: Disney+ mwaka 2019, HBO Max na Peacock mwaka 2020. Mchezo wa "Friends" ukaondoka Netflix ya Marekani mwisho wa 2019, na "The Office" ukafuata mwisho wa 2020. HBO Max yenyewe ilijiita Max mwaka 2023, na mwaka 2025 ikalirejea jina lake la awali, mithili ya bwana aliyemrejea mkewe eda haijesha.

Fedha inauma, khasa kwa kuwa watu waliikimbia kebo kwa ajili ya bili yake, na sasa bili ndogo ndogo zinajumlika mpaka zinakaribia ile kubwa. Lakini lipo linalouma zaidi. Mwaka 2023 Netflix ilianza kuwazuia wateja wa Marekani kugawana neno la siri na watu wasiokaa nyumba moja. Nyumba kwa hesabu hiyo ni paa moja na intaneti moja. Kwa Mswahili, kwa shangazi ni nyumbani, kwa ami ni nyumbani, na aliyeko Maskati hajatoka nyumbani kwao kwa kuwa tu amepanda ndege. Tafsiri ile ni finyu mno, na haikutungwa na mtu aliyewahi kula sahani moja na watu saba.

Kisha kuna kutoweka. Tamthilia ya "Willow" ilianza kuoneshwa Disney+ mwisho wa Novemba 2022. Mei 2023 ikaondolewa. Mteja aliyelipa hakubakiwa na chochote mkononi. Hili ndilo asilolimeza mwalimu, mtu aliyewahifadhisha wanafunzi mashairi kwa miaka mingi. Beti alizozishika akiwa mtoto wa chuoni bado anazo, wala hakuna aliyemletea ukumbusho kuwa muda wake unakwisha.

Filamu aliyokuwa akiitafuta ni ya Kihindi, aliyoitazama ujanani pamoja na marehemu mkewe kabla hawajaoana, yeye safu ya nyuma, binti wa watu mbele na mama zake. Alitaka wajukuu waione. Kuwakusanya peke yake kulikuwa kazi, maana kila mmoja ana chumba chake na skrini yake, na huduma imemtengea kila mtu jina na picha yake, kama kwamba watu wa nyumba moja ni wageni wa hoteli. Usiku mmoja wakakubali, wakakaa zuliani, wakatazama nusu. Usiku wa pili filamu haikuwapo.

Hakulala. Alizima televisheni akawasimulia nusu iliyobaki, na nyimbo akaziimba mwenyewe kwa Kihindi asichokielewa. Alipofika pale bibi yao alipokuwa akilia kila mara, alinyamaza kidogo, akaendelea. Mjukuu mkubwa anashuku kuwa mapigano ya mwisho babu ameyaongeza.