Mabula si Kabula: Majina na wadudu wa msimu wa mvua, Shinyanga hadi Geita

Shinyanga/Geita. Mvua za kwanza zikishalowesha vumbi la Shinyanga, vitu viwili huongezeka: watoto wanaopewa majina ya mvua na wadudu wadogo wanaozunguka taa usiku. Vyote viwili vina mtego mmoja. Vinafanana mno, na asiyetulia huvichanganya. Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, kuchanganya huko kunaweza kugharimu afya.

Safari ya kuelewa jambo hili inaanzia Shinyanga mjini. Barabara inashuka Tinde, inapita Isaka penye reli na bandari kavu, inaingia Kahama, kisha inakata kwenda Kakola, kwenye mgodi wa Bulyanhulu, na kuendelea hadi Geita. Njia nzima ni nchi ya Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi na Wasumbwa, na asubuhi utasalimiwa "mwangaluka" kabla hujaulizwa unakokwenda.

Jina linalobeba hali ya hewa

Shinyanga ni nchi kavu. Ina mibuyu, miamba na ngitili, yale maeneo ya malisho yanayotunzwa ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Kwa mkulima wa pamba, mtama au mpunga wa majaruba, mvua ni chakula cha mwaka mzima. Ndiyo maana haikosi kuingia kwenye majina.

Kwa Kisukuma mvua ni "mbula". Mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Mabula, wa kike Kabula au Mbula. "Limi" ni jua, na kutoka hapo kuna Limi wa kike na Malimi wa kiume. Bujiku ni wa usiku. Nyanzala anakumbusha "nzala", yaani njaa, na Milembe ni amani.

Majina mengine yanaeleza mtoto alivyokuja. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Aliyetanguliza miguu badala ya kichwa huitwa Kashinje, na wengine huandika Kashindye.

Ukiyatazama kwa jicho la afya, haya yalikuwa kumbukumbu za uzazi kabla ya kadi ya kliniki. Mama anayeitwa Mama Kashinje amekwisha kusema kwamba aliwahi kujifungua mtoto aliyetanguliza miguu. Mama Kulwa amekwisha kusema alibeba pacha. Hizo ni habari ambazo muuguzi wa kliniki ya wajawazito huzitafuta, kwa sababu mimba ya pacha na mtoto aliyekaa vibaya tumboni vinahitaji uangalizi wa karibu na kujifungulia kituoni.

Ila leo jina peke yake halitoshi. Watoto wengi wanarithi majina ya babu na bibi, na Mabula anaweza kuzaliwa Agosti jua likiwaka. Majina haya pia yamekuwa ya ukoo. Angeline Mabula, aliyewahi kuwa Waziri wa Ardhi, ni mwanamke mwenye jina ambalo asili yake ni la kiume. Kwa hiyo mama asitegemee jina liseme kwa niaba yake. Amweleze muuguzi kwa mdomo wake mtoto aliyepita alizaliwaje.

Herufi moja, mtoto mwingine

Kwenye foleni ya kliniki, jina likiitwa haraka, Mabula na Kabula ni sauti moja. Kulwa huandikwa Kurwa na karani aliyezoea Kiswahili cha pwani. Kashinje na Kashindye zinaonekana kama watoto wawili tofauti kwenye daftari.

Kwa pacha hatari ni kubwa zaidi. Wamezaliwa siku moja, wana mama mmoja, na kadi zao zinabebwa kwenye mfuko mmoja. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zina sindano na matone zaidi ya moja. Kadi zikibadilishana, ya Doto inaweza kuonyesha amemaliza wakati aliyechanjwa ni Kulwa. Hali ni hiyohiyo kwa chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ile ya miezi 18.

Dawa nazo zina jambo lake. Dawa mseto ya malaria hutolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge kimoja kila mara, wa kilo 15 hadi chini ya 25 vidonge viwili, mara mbili kwa siku kwa siku 3. Kulwa akiwa na kilo 14 na Doto kilo 16, dozi zao hazilingani hata kama nguo zao zinalingana. Wapimwe wote wawili, na kila pakiti iandikwe jina palepale dirishani.

Wadudu wa Geita

Ukifika Geita, nchi inabadilika. Vilima ni vya kijani zaidi na Ziwa Victoria halipo mbali. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, lakini maisha ya familia nyingi yako kwa wachimbaji wadogo, maeneo kama Nyarugusu na Rwamgasa, kwenye maduara na makarasha. Mvua ikinyesha, mashimo yaliyoachwa hujaa maji.

Hapo ndipo wadudu wanapochanganywa. Mama anaona vijidudu vyeusi, vya milimita mbili hadi nne, vikiruka kivivu juu ya ndoo ya maua au kwenye magogo yaliyooza yanakoota uyoga. Hao ni inzi wa kuvu. Viluwiluwi wao huishi kwenye udongo wenye unyevu na hula kuvu na majani yaliyooza. Hawaumi wala hawaleti malaria. Ukipunguza kumwagilia ua hadi udongo ukauke juu, wanapungua wenyewe.

Wale wanaotanda juu ya ziwa kama moshi nao hawaumi.

Mbu aina ya anofelesi ni mwingine kabisa. Ana mdomo mrefu kama sindano, na akitua ukutani huinua mkia juu. Hutaga kwenye maji, hasa madimbwi ya wazi yanayopigwa jua: shimo la mchanga, alama ya kwato, duara lililoachwa. Kutoka yai hadi mbu kamili ni kama siku 7 hadi 14. Hupenda kuuma usiku, watu wakiwa wamelala.

Kosa linaloumiza si kumwogopa inzi wa kuvu. Ni kuzoea kusema "hawa ni wadudu wa mvua tu", kisha chandarua kikabaki kimefungwa juu. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta takribani asilimia 17 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Geita wana vimelea vya malaria, wakati wastani wa taifa ulikuwa takribani asilimia 7.

Mtoto akichemka mwili, usisubiri kujua alikuwa mdudu gani. Mpeleke apimwe ndani ya saa 24, hata kama jana ulimwona anacheza. Akipata degedege, akilegea, akitapika kila kitu au akishindwa kunyonya, hiyo ni safari ya kituo cha afya saa hiyohiyo, hata usiku.

Kabla hujaondoka dirishani

Soma jina la mtoto kwenye kadi kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha tarehe ya kuzaliwa na jinsi yake. Hujui kusoma vizuri? Mwombe muuguzi akusomee. Kwa pacha, tia alama tofauti kwenye kila kadi, hata uzi wa rangi kwenye kona.

Cheti cha kuzaliwa kiandikwe kama kadi ilivyoandikwa. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, RITA huwasajili bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, na kosa la herufi moja ni rahisi kulirekebisha siku hiyo kuliko siku ya kuandikishwa shule.

Jioni ukirudi nyumbani, mwaga maji yaliyotuama uani, fukia kishimo kilicho karibu na mlango, na shusha chandarua kabla giza halijaingia. Kulwa na Doto wakilala kitanda kimoja, hakikisha kimewafunika wote wawili na pindo limechomekwa chini ya godoro.