Kabla ya Kumsaka Aliyewasha

Huku kwenye vilima vya kaskazini mwa California, mkaguzi wa moto haulizi nani ana kiberiti. Anakagua kiwanja. Anazunguka mita 30 kutoka ukutani akiangalia kama majani makavu yamepita urefu wa sentimita 10, kama mifereji ya paa imejaa takataka, kama kuna tawi lililosogelea bomba la moshi kwa chini ya mita 3. Ukikutwa na kasoro unaandikiwa, unapewa muda, kisha anarudi. Tangu 2021, anayeuza nyumba kwenye maeneo ya hatari hutakiwa kumpa mnunuzi karatasi inayothibitisha usafi huo. Kampuni za bima ndizo zisizo na subira: zenyewe hukataa tu kuendelea na mkataba.

Ukali huo una sababu. Novemba 8, 2018, moto ulioanzia kwenye nguzo ya umeme uliumeza mji wa Paradise. Watu 85 walikufa, na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea, huku cheche zikipeperushwa na upepo hadi kwenye majani makavu ya jirani. Huwezi kuutungia upepo sheria. Majani unaweza.

Kwetu Mufindi, Tanzania, tunaanzia upande mwingine. Moto kichaa ukishapita kwenye misindano mwezi Septemba, swali ni moja: nani kawasha? Mara nyingi anapatikana mtu wa kinyungu, aliyekuwa akisafisha bondeni ili apande mahindi na maharage ya kiangazi. Mwenyekiti anaitisha mkutano, sheria ndogo inasomwa, faini inatajwa. Sawa, kachoma, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakataza uchomaji holela. Lakini yule mwenye miti aliyeacha majani yafike kiunoni haulizwi chochote. Aulizwe wapi? Yuko Dar, au yuko huku ughaibuni pamoja nasi, ametuma hela ya miche akasahau ya palizi.

Nisieleweke kwamba nawasifu Wamarekani kwa kila kitu. Sheria ya California ya 1850 iliwazuia wenyeji wa asili kuchoma nyika, na mwaka 1935 idara ya misitu ya taifa ikaagiza kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Wakazima, wakazima, na msitu ukalundika kuni. Leo Wakaruk na Wayurok wa Mto Klamath wanarudishiwa kazi ile ile ambayo babu zao walikatazwa. Kilwa, kwenye misitu ya miombo ya vijiji yenye mpingo, kamati za maliasili huchoma mapema, majani yakiwa bado na unyevu: moto unatambaa chini, na usiku umande unausaidia kufa. Hilo ningependa wakaguzi wa huku walione.

Ila miombo si misindano. Misindano michanga moto ukiingia ndani haina salama, kwa hiyo kazi ni ya pembeni, kwenye barabara za moto, kanda zinazolimwa ili moto usivuke. Shamba la serikali la Sao Hill lina nafasi ya kuzilima. Mwenye eka moja je? Eka ya mraba ina kama mita 64 kila upande. Akiacha mita 10 pande zote, zaidi ya nusu ya shamba imekwenda. Hakuna atakayekubali, na sheria ya mtu mmoja mmoja kama ya California ingekufa wiki ya kwanza. Lakini wenye eka 25 zilizoshikana wakizungushia ukanda huo huo nje ya mashamba yote, wanapoteza kama asilimia 12 tu. Basi sheria ndogo iwataje majirani wa kitalu kizima, tarehe ya mwisho iwe Juni, na asiyefika kulima atoe gharama ya kibarua.

Najua jibu litakalokuja: wenye miti hawapatikani. Mbona wakati wa mchango wa darasa tunapatikana wote, mpaka Sacramento, na namba ya kutumia hela inakuja pamoja na salamu? Simu hiyo hiyo ipigwe Mei.