Debe la Bibi

Shairi langu lililomo katika jarida hili lilikaa chini ya godoro karibu mwaka mzima. Ngoja nikueleze sababu.

Nikiwa Kidato cha Kwanza niliitwa kusoma insha yangu mbele ya darasa. Nilitaja kimanga cha bibi yangu, kisha ulimi ukateleza: "Kitoto cha ndovu ilitoroka." Wee! Darasa zima liliangua kicheko. Mmoja, mzaliwa wa Mombasa, akasema eti Kiswahili cha milimani kina mawe. Tangu siku hiyo nikawa bubu. Kuandika niliandika, lakini kila nikihesabu mizani nilisikia kile kicheko.

Mwaka jana Mwalimu wetu alitusimulia habari za marehemu Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020. Kumbe hakuwa mtu wa Pwani! Alikuwa Mbukusu kutoka magharibi mwa Kenya. Hata jina Walibora alijipa mwenyewe, kutokana na Waliaula. Riwaya yake Siku Njema ilitoka mwaka 1996 na wanafunzi wengi wakaisoma shuleni. Nikajiuliza, mimi Mtaita wa Voi, ninayesikia Kiswahili stendi na sokoni kila siku, nimekosa nini?

Hata hivyo hofu haikutoka. Likizo ya Desemba nilikwenda kwa bibi, chini ya milima ya Sagalla. Usiku mmoja ndovu wa Tsavo waliingia shambani. Bibi alichukua debe na fimbo, akalipiga kwa nguvu. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Walipoondoka nikamwuliza, "Bibi, kwani huogopi?"

"Naogopa sana, mjukuu wangu. Lakini nikingoja hofu iishe, mahindi yataisha kwanza."

Basi shule zilipofunguliwa nikapiga moyo konde, nikabisha mlango wa ofisi ya walimu. Magoti yalikuwa yakigongana. Mwalimu alisahihisha makosa manne kwa kalamu nyekundu, nami sikufa. Yule wa Mombasa naye alilisoma. Akasema ubeti wa tatu umemgusa, ila mizani ya ubeti wa pili imepungua. Ni kweli ilikuwa imepungua. Tuliitengeneza pamoja, mimi na yeye, saa ya chakula cha mchana.

Nawe uliyeficha daftari chini ya godoro, usingoje mikono iache kutetemeka. Piga debe.