Kiitikio

Shuleni kwetu, mkoani Singida, siku ilianza kwa mchakamchaka. Kiranja alipuliza filimbi, tukapanga mistari miwili, wakubwa mbele, darasa la kwanza nyuma, na wengi wetu tulikuwa pekupeku. Mwanzishaji wa wimbo alichaguliwa kwa sauti, si kwa miguu. Sisi wengine tulipokea kiitikio, na vishindo vyetu ndivyo vilikuwa ngoma. Kiitikio kikianza kufifia, mwalimu wa zamu aliyekimbia pembeni alitoa neno moja tu: "Punguzeni." Nilidhani anatuonea huruma.

Novemba 1989 Juma Ikangaa alishinda New York Marathon kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Habari ilitufikia kwa Radio Tanzania, na wiki ile kila mvulana wa shule ile alikuwa Ikangaa. Wakubwa nao wakatuhadithia habari za John Stephen Akhwari kwenye marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968: goti limeumia, limefungwa bandeji, anaingia uwanjani akichechemea, mshindi kamaliza zaidi ya saa moja iliyopita. Hadithi hiyo iliniingia kuliko ile ya ushindi. Nikakua nikiamini kwamba mbio ndefu ni maumivu, na anayestahimili maumivu mengi zaidi ndiye mkimbiaji. Hakuna aliyenieleza kwamba mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari huyohuyo alimaliza marathoni akiwa wa tano. Tumelikumbuka goti, tukamsahau mkimbiaji. Naona hatukumtendea haki.

Basi nilipoanza kukimbia ukubwani, mwaka 2005, nilikimbia na lile goti kichwani. Nilitoka Kimara saa kumi na moja alfajiri, nikashika kando ya barabara ya Morogoro kuelekea Mbezi. Makondakta wa daladala walining'inia mlangoni wakiuliza, "Anko, nani anakukimbiza?" Nilikuwa na saa ya mkononi niliyoinunua Kariakoo, na kila asubuhi ilikuwa lazima nivunje muda wa jana. Mazoezi yangu yalikuwa ya aina moja: nguvu zote, siku zote. Nikishindwa, siku yote iliharibika, na nyumbani walinijua kwa namna nilivyoweka kikombe mezani.

Mwaka 2007 nikaenda Moshi. Anayeijua Kilimanjaro Marathon anajua ilivyo na hila. Unatoka uwanja wa Ushirika, unapelekwa barabara kuu ya Dar es Salaam ambako ni tambarare na asubuhi bado ina baridi, unarudi mjini ukijiona shujaa. Halafu, mwili ukiwa umeshatumika nusu nzima, unaelekezwa kupanda Mweka. Migomba, kahawa, wanawake wamesimama kwenye vichochoro wanakupigia makofi, na barabara haiachi kupanda. Nilifika nusu ya kwanza kwa muda wangu bora. Kabla ya kufika pa kugeuzia, miguu ikakataa. Sikuwa na jeraha wala kichomi; nilikuwa mtupu tu, kama jiko lililoishiwa mkaa. Nilitembea, nikakaa chini ya mgomba, nikatembea tena. Saa 4 na dakika 52.

Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu mwenye mvi kichwa kizima, alikuwa amenipita huko juu akizungumza na mwenzake. Akizungumza! Nilimtafuta uwanjani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa chini ya mgomba?" Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mazoezini, unakimbia na nani?"

Nikamwambia, peke yangu, na saa.

"Tafuta mtu wa kupiga naye soga. Usipoweza kusema naye, unakimbia mbio za watu."

Baadaye nilisoma nikaelewa sababu. Sukari ambayo mwili unaiweka akiba kwenye misuli na ini haitoshi kilomita 42 kwa mtu anayeitumia kwa pupa. Wengi huishiwa karibu na kilomita ya 30. Mafuta ya mwili ni akiba kubwa zaidi, lakini huchomwa polepole, na mwili hujifunza kuyategemea kwa mazoezi marefu ya mwendo wa chini. Miaka miwili mizima nilikuwa nimeufundisha mwili wangu kitu kimoja: kuishiwa.

Nikaivua saa. Kilomita niliyokuwa naikimbia kwa dakika tano nikaikimbia kwa saba. Ilikuwa adhabu. Kina mama waliobeba ndoo za vitumbua karibu wanipite. Siku moja, nikikaribia Mbezi, nikajikuta naimba wimbo wa mchakamchaka, taratibu, ubeti kwa ubeti, na pumzi inatosha. Ndipo nikamkumbuka mwalimu wa zamu. Hakuwa na kipimo cha mapigo ya moyo. Alikuwa na kiitikio cha watoto mia mbili, na masikio.

Mwaka 2010 nilipanda Mweka nikisalimiana na watu. Saa 3 na dakika 58.

Siku hizi sikimbii peke yangu. Vikundi vya joging vimejaa Dar es Salaam, kila mtaa na jezi zake, na Jumamosi alfajiri barabara zinaimba. Makondakta hawaulizi tena. Septemba 2025 baadhi yetu tulikesha hadi karibu saa kumi usiku tukimtazama Alphonce Simbu kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia huko Tokyo: amejificha kundini muda wote, anamngoja Mjerumani Amanal Petros hadi hatua za mwisho kabisa, wanamaliza wote kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, mpaka picha ikaamua dhahabu ni ya Tanzania. Nililia, nasema wazi.

Jumamosi iliyofuata tulipata binti mgeni, raba mpya, saa kubwa inayong'aa mkononi. Alikaa mbele tangu Kimara. Tulipoanza kupandisha, nikasikia sauti yake inakatika katikati ya kiitikio, ikarudi, ikakatika tena. Nikasogea ubavuni kwake.

"Punguza, mwanangu."

Akaitazama saa yake, akanitazama mimi. Wimbo ulikuwa umefika kwetu. Akavuta pumzi, akaitikia.